Pesa za serikali za kutunza udongo (EQIP na CRP): maoni ya mkulima wa ekari 11 Minnesota

Nimeulizwa haya maneno mara nyingi sana, kanisani, kwa WhatsApp, hata sokoni mtu amesimama na fungu la managu mkononi ananiuliza, "Mama, ile grinihausi ni kweli serikali ndio ilikujengea?" So nimeamua kuandika yote mahali pamoja, na itakuwa ndefu, kwa sababu naona majibu ya nusunusu ndiyo yanafanya watu wetu wapoteze nafasi. Kwa kifupi ndio, serikali ilisaidia, pesa ni ya kweli na iliingia kwa akaunti yangu. Lakini haiji vile watu wanavyodhani, ina mpangilio wake, na ukitangulia hatua moja tu umejitoa mwenyewe bila mtu yeyote kukufukuza.

Wacha niseme mimi ni nani ndio mjue naongea kutoka wapi. Nimezaliwa Machakos, Minnesota nimefika 2009, nikafanya kazi kwa nyumba za wazee miaka kumi na moja kabla mimi na mzee wangu tununue ekari 11 vuli ya 2020, kaunti ya mashambani kabisa, kama saa moja na nusu kutoka Minneapolis, ukitoka nje kila upande ni mahindi na soya mpaka macho yanachoka. Sisi tunalima mboga za nyumbani: managu, kunde, terere, saga, majani ya malenge. Wateja wengi ni Wakisii wa Brooklyn Park, mji ulio kando ya Minneapolis, na hao ukiwaletea managu iliyozeeka watakuambia hapo hapo, halafu kuna Waliberia ambao wanataka majani ya viazi vitamu, hao wananunua kwa magunia.

Sasa hizi programu. Kuna mbili ambazo nimezijua kwa karibu, moja nimo ndani, nyingine nimeiangalia kwa jirani. EQIP inasimamiwa na NRCS, wale watu wa udongo na maji wa wizara ya kilimo, USDA. Kazi yake ni kukusaidia kulipia kitu fulani unachofanya shambani kinachotunza ardhi: grinihausi, dripu, fensi ya kugawa malisho, mimea ya kufunika udongo baada ya mavuno, mtaro wa nyasi. CRP iko chini ya FSA, idara nyingine ya hiyo hiyo USDA, na hiyo ni tofauti kabisa, hapo serikali inakodisha ardhi yako ili usiilime. Ndio, umesoma vizuri. Unapanda nyasi na maua ya asili, unaacha, na kila mwaka baada ya Oktoba mosi kodi inaingia, mkataba wa miaka 10 mpaka 15.

Mara ya kwanza jirani kuniambia habari ya CRP nilifikiri sijasikia Kiingereza vizuri. Mzee wa watu ana ekari 40 za nyasi ndefu zinazofika mabegani, hajapanda mbegu ya mahindi hapo miaka mingi, na analipwa. Mimi nimelelewa Ukambani ambako kila mteremko ulilimwa na kila mvua kubwa ilishuka na udongo mwekundu mpaka mtoni. Mama yangu alichimba fanya juu na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, mnachimba mtaro kufuata mteremko, udongo mnautupa upande wa juu, tuta linainuka kidogo kidogo, juu yake mnapanda nyasi za Napier. Wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Tangu 1974 kulikuwa na mradi wa serikali wa hifadhi ya udongo uliosaidiwa na Waswidi, kwa hivyo mashauri na vifaa vilikuwepo, lakini kodi ya kuacha ardhi ikae? Hapana. Kwa hivyo nilichukua muda kuelewa kwa nini nchi inamlipa mtu apande nyasi.

Na sababu ipo, tena nzito. Miaka ya 1930 hawa watu walilima nyanda za katikati ya nchi mpaka ardhi ikapanda hewani. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi lilifunika mchana ukawa usiku, na wiki mbili tu baadaye, Aprili 27, Bunge lao likawa limepitisha sheria ya kuhifadhi udongo na kuunda idara ya mzee mmoja, Hugh Hammond Bennett, aliyekuwa amepiga kelele miaka mingi kuwa udongo unakwisha. Hiyo idara ndio leo inaitwa NRCS. CRP yenyewe ilikuja na sheria ya kilimo ya 1985, wakati wakulima walikuwa wanafilisika kwa madeni na mahindi yamejaa maghala, so ikawa inatibu mambo mawili kwa dawa moja: mahindi yapungue, na ardhi inayomomonyoka ipumzike.

Inafanya kazi? Kwa ardhi, mimi nasema ndio bila kusita. Nenda pale kwa mzee jioni ya Juni usikie. Kwangu upande wa kusini ninapakana na soya, upande wa magharibi na hizo nyasi zake, na nyuki wanaokuja kwa maua yangu ya malenge wanatoka magharibi, nimekaa nikaangalia. Mvua ikinyesha, maji yanayotoka upande wa soya ni rangi ya chai ya maziwa, yanayotoka kwa nyasi unaweza kuona changarawe chini.

Lakini kwa mtu kama mimi CRP haikunifaa, na nitaeleza kwa nini. Kwanza unatakiwa uwe umemiliki ardhi angalau miezi 12 kabla, hapo sawa, ni kungoja tu. Pili, kwa CRP ya kawaida ardhi lazima iwe na historia ya kulimwa, sheria ya kilimo ya 2018 inaangalia ile miaka ya 2012 mpaka 2017, iwe ililimwa miaka minne kati ya hiyo sita. Kipande changu chenye mteremko mbaya kilikuwa malisho. Basi, imeisha. Tatu malipo ni kwa ekari, kwa hivyo mwenye ekari 300 anaona pesa na mwenye ekari mbili anaona nauli ya kwenda ofisini. Hiyo sheria ya 2018 ilishusha kodi pia, kwa yale maombi ya kushindania inalipa asilimia 85 ya wastani wa kodi ya ardhi ya kaunti, na kwa vipande maalum kama kingo za mito asilimia 90, na mtu mmoja hawezi kupita dola 50,000 kwa mwaka. Mahindi yakipanda bei watu wanatoa nyasi wanalima. Ndivyo ilivyotokea, CRP ilifika kilele mwaka 2007 na ekari kama milioni 36.8 halafu bei ya mahindi ikapaa na mamilioni ya ekari yakarudi kwa plau.

Na kitu kingine watu hawajui, haya malipo si siri. Kuna shirika, Environmental Working Group, linakusanya rekodi za malipo ya kilimo tangu 1995 na unaweza kufungua kaunti yako uone majina na jumla. Mimi nilifungua ya kwetu usiku mmoja nikasoma mpaka saa saba. Majina ya juu ni yale yale ninayoyaona kwa mabango ya barabarani na kwa magari ya mbegu. Sikukasirika na watu, wengi wao ni majirani wazuri na wanaitunza hiyo ardhi. Nilichokiona ni kwamba pesa inafuata ardhi, na ardhi ilishagawanywa kitambo kabla sisi tufike.

Sasa nije kwa EQIP, maana hapo ndipo mwenye ekari 11, hata ekari mbili, anaweza kuingia. Ilianzishwa na sheria ya kilimo ya 1996, na tangu karibu 2010 wanasaidia pia kulipia ile grinihausi wanayoiita High Tunnel: matao ya chuma, nailoni juu, haina hita haina umeme, mimea inapandwa kwa udongo wenyewe. Kwa managu huku Minnesota hiyo ni uhai. Jalidi ya mwisho inaweza kukupiga mwisho wa Mei na ya kwanza inarudi Septemba, na managu ikiguswa na jalidi usiku mmoja asubuhi imekuwa nyeusi kama imechemshwa. Nje nilikuwa nauza miezi mitatu na kidogo. Ndani ya grinihausi nimeuza kuanzia mwisho wa Mei mpaka Oktoba imeisha.

Hivi ndivyo ilivyoenda, fuata hatua kwa hatua.

Februari 2021 nilienda ofisi ya USDA ya kaunti na kitambulisho, hati ya ardhi na namba ya ushuru. Kabla ya kuongea grinihausi lazima FSA wakupe namba ya shamba, hata kama shamba ni bustani. Halafu fomu. AD-1026 unaahidi hutaharibu ardhi ya kinamasi wala kulima mteremko unaomomonyoka bila mpango, CCC-941 inathibitisha kipato chako hakijapita dola 900,000, hiyo nilisaini haraka sana, kuna ya benki, na CCC-860. Hii CCC-860 msiipite. Hapo ndipo unajiandikisha kama mkulima anayeanza, maana yake hujalima zaidi ya miaka kumi, au mwenye kipato kidogo, au mwanajeshi wa zamani. Ukiwa kwenye kundi hilo wanaweza kulipa mpaka asilimia 90 ya gharama wanayoikadiria badala ya 75. Zamani kulikuwa pia na kundi la walionyimwa nafasi kwa sababu ya rangi, Julai 2025 USDA ikatangaza haitatumia tena kigezo cha rangi wala jinsia kuongeza manufaa, so usiende na maelezo ya zamani ya rafiki yako. Mkulima anayeanza bado yupo, na watu wetu wengi ndipo walipo.

Mwaka huo wa kwanza sikupata. Maombi yanapokelewa mwaka mzima lakini kuna siku ya kukata, halafu wanayapanga kwa alama, na pesa inaisha kabla ya foleni. Nilidhani nimekosea kitu. Baadaye nikasoma ripoti ya IATP, taasisi iliyoko hapo Minneapolis, ikasema kati ya 2010 na 2020 ni asilimia 31 tu ya wakulima walioomba EQIP nchini kote waliopata mkataba. Asilimia 31! Na hapo ndipo mimi naipunguzia EQIP nyota moja nzima kati ya tano, kwa sababu sheria yenyewe inataka nusu ya pesa ya EQIP iende kwa mambo ya mifugo, ambayo ndani yake kuna fensi na maji ya ng'ombe, vitu vizuri, lakini kuna pia mabwawa makubwa ya samadi ya mashamba ya nguruwe na ng'ombe maelfu. Bwawa moja la namna hiyo linaweza kumeza pesa ya grinihausi nyingi sana. Kikomo cha mtu mmoja kwa kipindi cha sheria ya kilimo ya 2018 ni dola 450,000. Mimi sijui mkulima wa mboga anayeweza hata kuandika hiyo namba kwa kitabu chake.

Ukikataliwa usiondoke. Waambie wayapeleke maombi mwaka unaofuata. Mimi nilifanya hivyo, na Mei 2022 nikasaini mkataba wa grinihausi ya futi 30 kwa 72 pamoja na mfereji wa kutoa maji.

Na hapa ndipo naomba usome polepole hata kama mengine umeruka. USINUNUE, USICHIMBE, USIANZE kitu chochote kabla mkataba kusainiwa na pande zote mbili. Kuna mama mmoja namfahamu, mchapakazi kweli, aliona matao yameshushwa bei mwezi wa pili akanunua akasimamisha nguzo, akijua maombi yake yako njiani. Hakulipwa hata senti, kwa sababu programu inalipa kazi mpya, kazi iliyoanza kabla ya sahihi haihesabiki. Alilia mbele yangu na sikuwa na la kumwambia.

Pili, omba malipo ya mbele. EQIP kwa kawaida ni ufanye kwa pesa yako, wakague, ndio wakulipe, na hapo ndipo maskini anakwama kwa sababu kiti ya grinihausi (kit, yaani seti ya matao na vifaa vyake) haiuzwi kwa ahadi. Lakini kwa mkulima anayeanza kuna nusu ya malipo inayoweza kutolewa mbele, na tangu sheria ya 2018 lazima wakujulishe na jibu lako liandikwe. Ukishaipokea una siku 90 kuitumia kwa kazi hiyo, na weka kila risiti. Mimi niliichukua. Bila hiyo hii grinihausi ingekuwa bado ni mchoro kwa friji.

Pesa ikaingia Juni, nikaagiza kiti ndani ya wiki. Muuzaji simtaji, lakini alinisumbua. Plani yangu kwa sababu ya theluji ilisema tao kila futi 4, yeye akaleta ya kupanda kila futi 6, na mfuko wa bolti umekosa nusu. Nilipiga simu mpaka wakajua sauti yangu. Tarehe ya kumaliza kwenye mkataba ilikuwa inakaribia, nikaandika barua kueleza na kuomba tarehe isogezwe, ikakubaliwa. Kwa hivyo mkiona mmekwama andikeni mapema, msinyamaze mpaka tarehe ipite, na kabla ya kulipa muuzaji mpelekee ile karatasi ya vipimo ya NRCS mwambie asaini kwamba kiti yake inafikia. Nailoni nayo ina kipimo, iwe na unene wa mil 6, ile ya grinihausi inayostahimili jua, si ile ya kufunikia kuni.

Kuvuta nailoni ilikuwa Septemba, Jumamosi. Kazi hii haitaki upepo hata kidogo, kipande cha futi 48 kwa 80 kikishika upepo kinainua watu. Wamama saba wa kanisa walilala kwangu usiku huo, saa kumi na mbili asubuhi tuko nje na jaketi, umande umelala, hakuna jani linatikisika. Mzee wangu alifunga mpira wa tenisi ndani ya pembe ya nailoni, akafunga kamba shingoni mwa huo mpira, akarusha kamba juu ya matao upande wa pili, na hivyo hivyo urefu wote, kamba saba. Halafu tukavuta kwa kuhesabu. Ilipanda taratibu ikiteleza kwa chuma na sauti kama ya shuka inakunjuliwa, ikafika kileleni ikasita kidogo, halafu ikashuka upande wetu yote kwa mara moja na ndani kukawa na joto hapo hapo, hata jua halijatoka vizuri. Mama mmoja wa Kangundo akasema, "Hii sasa ni mwethya." Tulimaliza kubana waya saa tatu, chai ikawa tayari.

Oktoba fundi wa NRCS akaja kukagua, kijana mpole, akapima urefu na upana kwa tepu, akahesabu matao, akapiga picha nguzo za pembeni, akaangalia mfereji. Huo mfereji nataka niuongelee maana wengi wanaudharau. Paa la futi 30 kwa 72 mvua ya inchi moja ikinyesha inamwaga kama lita elfu tano pembeni, upande huu na ule. Ukiiacha inachimba shimo chini ya nguzo. Plani yao ilitaka mtaro mpana wa nyasi ufuate mteremko na kupeleka maji taratibu kwa malisho. Nilipoona ule mchoro nilicheka kwa furaha, kwa sababu mistari ile niliijua kabla sijajua kusoma. Nikamwambia kijana, kwetu udongo tunautupa juu, ndio jina lake. Akaniuliza naandikaje, akaandika "fanya juu" kwa daftari yake.

Novemba salio likaingia. Ukijumlisha malipo ya mbele na salio, kiti, nailoni, mbao na mtaro vyote vililipiwa, kilichobaki kwangu ni kukodi mtambo wa kuchimba na jasho. Hapo mtu ajue malipo ni kwa futi ya mraba kulingana na orodha ya jimbo ya mwaka huo, si kwa risiti yako, so ukinunua kiti ya bei ghali tofauti ni yako. Na Januari inakuja fomu ya ushuru, 1099-G. Hii pesa ni kipato kwa macho ya IRS, watu wa ushuru wa serikali. Wekeni kando sehemu, na mpeleke kwa mtu wa ushuru anayejua mashamba, kuna vitu vya kukatwa.

Wanaokodisha ardhi wananiuliza kama wanaweza. Inawezekana, lakini lazima uonyeshe utakuwa na hiyo ardhi muda wote wa mkataba, na mwenye ardhi akubali kwa maandishi grinihausi isimame kwake. Kwa wengi wetu tunaokodi robo ekari mwaka hadi mwaka hapo ndipo mlango unafungwa, na inaniuma, maana ndio wakulima wenye bidii zaidi ninaowajua. Kiingereza kisiwazuie lakini. Mwaka 2023 nilimsindikiza mama mmoja Mrundi, tukaomba mkalimani wa Kiswahili, akapatikana kwa simu na hatukulipishwa.

Kuhusu uhakika wa pesa nitasema ukweli. Sheria ya 2022, Inflation Reduction Act, iliongeza dola bilioni 19.5 kwa hifadhi, kati ya hizo bilioni 8.45 za EQIP, na ndio maana wengi walipata nafasi miaka ile. Halafu Januari 2025 malipo ya mikataba ya hiyo pesa yakasimamishwa, wakulima wameshanunua vifaa, wameshachimba, wanangoja. Februari 20 waziri wa kilimo Brooke Rollins akatangaza kuachilia dola kama milioni 20 za kwanza. Mimi yangu ilikuwa imeshalipwa kitambo, lakini wiki zile nilikuwa nafikiria ningekuwa nimekopa ile nusu ya pili ningefanya nini. Kwa hivyo mkataba uliosainiwa ni kitu kikubwa, lakini usikope pesa ya nyumba ukiuegemea.

Nyota: EQIP nne. CRP kwa ardhi na ndege na mito, nne na nusu; kwa mkulima mdogo mgeni, tatu. Na hiyo ya tatu nimeipa kwa sababu ya kitu kimoja nilichojifunza mwaka huu.

Ndani ya CRP kuna kifungu kinaitwa Transition Incentives, kilianza na sheria ya 2008. Mwenye ardhi ambaye mkataba wake unakwisha akiiuza au akiikodisha kwa muda mrefu kwa mkulima anayeanza ambaye si wa familia yake, analipwa kodi ya CRP miaka miwili ya ziada. Na hiyo ardhi ikiwa haijamwagiwa dawa iko karibu sana na cheti cha oganiki, ambacho kinataka miaka mitatu bila dawa zilizokatazwa. Hebu fikirieni ni mashamba mangapi ya namna hiyo yako kwa wazee ambao watoto wao wako mjini na hawarudi. Nimewauliza Wakenya wengi wanaotafuta ardhi huku, hakuna aliyekuwa amekisikia. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya ile ofisi miaka mingi bila kujua.

Mkataba wa jirani yangu wa nyasi unaisha tarehe 30 Septemba 2027. Nilimpelekea karatasi ya hicho kifungu pamoja na maandazi, hakusema kitu, akaweka karatasi chini ya sahani. Hiyo ilikuwa Januari. Wiki iliyopita, theluji bado imelala nje, nilikuwa ndani ya grinihausi nageuza udongo tayari kwa kunde, nikasikia pikapu. Akaingia, akavua glavu, akatandika ramani ya shamba lake juu ya meza yangu ya kuoshea mboga. Akaweka kidole pale mteremko unapoanza, akasema hapo kila masika maji ya theluji yanakata, hapo angetaka pabaki nyasi hata akiondoka. Nikamwambia hapo mimi ningechimba fanya juu. Akauliza ndio nini. Nikachukua jembe nikamchorea pale pale kwenye udongo, mtaro chini, tuta juu, naye akapiga goti moja ili aone vizuri.